Wiki Mbili za Sabuni

Kila Jumanne, kwa miaka kumi na tisa, Mzee Chupa alipanda msituni kuchota maji ya aina mbili: ya mvua, yaliyokingwa na faneli juu ya mlingoti, na ya kijito. Chupa ya kijito aliisuuza mara tatu kwa maji yaleyale ya kijito, ndipo akaijaza. Majirani walimtania kwamba anahangaikia maji asiyokunywa. Hakujali. Maabarani kulikuwa na jedwali la vipimo vya kila wiki, miaka yote hiyo, na halikuwa na pengo hata moja. Fahari nyingine hakuwa nayo.

Halafu akateguka kifundo cha mguu, tena bafuni. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akajitolea kwenda Jumanne mbili badala yake. Mzee alimwelekeza mpaka mate yakamkauka.

Leo alichechemea hadi maabara, na mama mpimaji akamwekea karatasi mbele. Fosfati, ile chumvi ya mbolea na sabuni, ilikuwa imeruka mara arobaini. Akampigia shemeji simu palepale.

"Shemeji, ile faneli uliigusa?"

"Niliiosha. Ilijaa mavi ya ndege, aibu tupu. Na chupa nazo nikazipiga sabuni, zikatakata."

"Nilikwambia usuuze kwa maji ya kijito, basi."

"Maji matupu yanatakatisha nini, shemeji? Nikaona nikufanyie kazi ya maana."

Hasira zilimpanda, zikakosa pa kutua. Utamgombeza vipi mtu aliyekwea mlima mara mbili, na mvua juu, kwa ajili yako?

"Tuziache namba hizi," mama mpimaji akasema kwa upole. "Tutaweka alama ya mashaka pembeni. Jedwali litabaki zima."

Alitamani kukubali. Alitamani mno, mpaka akaona haya. Lakini utaratibu wao ulikuwa mmoja: sampuli iliyoharibika hufutwa na mchotaji mwenyewe kwa mkono wake.

"Hiyo si mvua, mama. Ni sabuni."

Akapiga mstari juu ya wiki ya kwanza, akapiga juu ya pili, akaandika "hazifai" na kutia saini.

Nyumbani alimkuta shemeji sebuleni, anamngoja kwa furaha. Alikuwa amemletea brashi mpya ya kuoshea chupa. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia chumbani na kufunga mlango.