Nilisema "Dadu Imesema", na Dadu Haikusema Hivyo

Admin, jina langu libaki kwako. Mwenzenu nina miaka ishirini na nane, nauza blauzi za mitumba Mchikichini, sijaolewa. Najua wengine mtacheka mkisikia kinachonikosesha raha ni mchezo. Chekeni, ila msome mpaka mwisho.

Kuna siku jirani yangu pale sokoni alifungua belo, lile robota la mitumba, la midoli, likatoka boksi la mchezo wa kizungu. Ndani kuna kijitabu na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Hakuna aliyelitaka, nikalichukua mimi. Mchezo wenyewe uko hivi: mtu mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo na anasema anafanya nini. Penye hatari, dadu inaamua. Anayesimulia ndiye anayegawa zawadi, na ndiye anayerusha dadu za hatari, nyuma ya kipande cha boksi la viatu ili wenzake wasione. Huyo ni mimi. Wananiita Jaji. Na Jaji akishatamka "dadu imesema", hakuna tena mjadala.

Tunacheza Jumapili mchana huko Mchafukoge, nyumbani kwa kina Jayesh (majina yote nimebadilisha). Mama yake, mama wa Kihindi mpole kweli, anatuletea kachori na chai halafu anatutania, "Leo wamekufa wale majini wa hadithi yenu au mmekufa nyinyi?" Mwenzetu mwingine ni Nassor, kijana wa Kiarabu anayeuza vyombo Kariakoo kwenye duka la marehemu baba yake. Wapo na wengine wawili, ila hao hawamo kwenye dhambi yangu.

Sasa biashara yetu ina tabia yake. Ukifungua belo, zile nzuri, grade one, huzianiki. Unazisukuma chini ya meza, unamwekea mteja wako. Hakuna anayeona vibaya, ndivyo tunavyoishi. Mimi tabia hiyo nikaibeba mpaka mchezoni. Jayesh akifungua sanduku anakuta upanga wa dhahabu. Nassor akifungua, kamba na mkate. Nikawa najiambia nambembeleza Jayesh kwa sababu nyumba ni yao, akinuna tutacheza wapi? Uongo mtupu. Nampenda, sijawahi kumwambia, basi nikawa namwekea chini ya meza.

Nassor hakuwahi kulalamika. Mtu wake kwenye hadithi ni mzee mmoja mfanyabiashara, Mzee Mizani, na sote tulijua ni baba yake yule. Anakohoa kidogo kabla ya kutaja bei. Kila mtu kwake ni "mwanangu". Akikuuzia kitu anakigeuza kwanza, akuonyeshe kasoro kabla hujauliza. Nassor akimwigiza hata sauti inabadilika, na sisi tunanyamaza tumsikilize. Nadhani Jumapili ndiyo siku aliyokuwa anakaa na mzazi wake.

Jumapili iliyopita nikawapeleka kwenye bonde lililofurika, nimekumbuka tu Jangwani hapa kwetu mvua zikichanganya. Kamba ikakatika, Jayesh na Mzee Mizani wakasombwa na maji. Nikarusha dadu ya kila mmoja nyuma ya boksi langu. Ya Nassor ikatoka kumi na nane, amepona. Ya Jayesh ikatoka moja. Amekufa.

Nikanyanyua macho. Jayesh ananiangalia, mikono ameibana mdomoni kama mtoto anayesubiri matokeo. Nikajikuta nasema, "Jayesh umepona. Nassor, pole, Mzee Mizani amekwenda na maji. Dadu imesema." Na juu ya hayo Jayesh nikampa na taa ya jini, eti zawadi ya aliyevuka.

Nassor, jamani, akasema, "Haya. Kama dadu imesema, mimi sina neno." Akachukua kete yake, kizibo cha soda alichokipaka rangi ya kijani, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia mfukoni. Akaenda bafuni, akakawia huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na bado akanisaidia kukusanya vikombe. Hapo ningeweza kusema. Sikusema.

Juzi Nassor kaja kwenye meza yangu sokoni. Baba yao ameacha fremu tatu za maduka na watoto wa kiume watatu, Nassor na kaka zake wawili. Fremu moja inatazama barabara, mbili zimejificha ndani uchochoroni ambako mteja hafiki, na hizo hakuna anayezitaka. Wamekubaliana wachomoe vikaratasi vya kura kwenye kopo, ila hawaaminiani hata kidogo, kila mmoja anaogopa mwenzake asije akashika kopo la kura.

"Nimewaambia kaka zangu namjua mtu," Nassor akaniambia. "Uliniulia mzee wangu mbele ya macho yangu na wala hukuyumba. Wewe huna upendeleo, Jaji. Jumamosi njoo utushikie kopo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na nyie mnadhani nilijibu nini? Nikasema, "Sawa, nitakuja." Papo hapo mteja wangu mmoja akainama akaninong'oneza, "Shoga, umeniwekea?" Nikavuta blauzi yake kutoka chini ya meza, nikampa. Nassor anaangalia tu, anatabasamu.

Msiniambie ni mchezo tu, hilo nimeshajiambia na halijasaidia kitu. Nikinyamaza, Jumamosi nasimama mbele ya ndugu watatu na kopo mkononi, na wananiamini kwa ajili ya uongo wangu. Nikifungua mdomo, itabidi nimwambie Nassor kwamba mzee wake alikuwa amepona, mimi ndiye niliyemzamisha.

Nyie mngeanzaje kumwambia mtu neno hilo? Nisaidieni mawazo, ndugu zangu, na msinionee huruma.