Sketi ya Mama Mnadani

Siku ya pili baada ya mnada, bwana mkubwa wa shamba la ngano aliniita nimpigie chapa taarifa ya matokeo. Yeye alikuwa mtaalamu wa kigeni. Mimi karani wake, na hata nyumba niliyolala ilikuwa ya shamba. Wake za wataalamu walikuwa wameuza kazi za mikono za wenyeji kuchangia zahanati. Sasa alitaka taarifa ieleze kwa nini vibuyu vilidoda, vigoda vikaenda kwa bei ya kutupa, na sketi moja ya ngozi ikavipita vyote.

Nikwambie ukweli? Sketi ile ilikuwa ya mama yangu. Aliitia shanga mwenyewe, enzi za wasichana kuwekwa ndani kabla ya kuolewa. Wale wanawake walipofika kwetu Nangwa kuiomba, aliwapa bila maneno mengi. Kwetu jirani akiomba vazi la shughuli unampa, na shughuli ikiisha analirudisha pamoja na maziwa kidogo. Mnada mama alioujua ni wa ng'ombe tu. Nani auze nguo ya mtu mnadani? Mimi nilikuwa safarini Arusha. Niliporudi mambo yalishaharibika.

Aliyeinunua alikuwa bwana mkubwa mwenyewe. Ilikuwa ukutani ofisini, nyuma ya kiti chake, imepigiliwa misumari. Misumari, jamani, kwenye ngozi ile. Akawa ananieleza: rangi zimepangika, wanunuzi wanapenda vitu vikongwe. Nilichapa huku roho inaniuma. Asubuhi nilishamwambia ni ya mama yangu. Alifurahi kweli, akasema niandike na hilo, linaongeza thamani. Nikameza hasira. Ningepayuka, kazi na nyumba vingekwenda siku hiyo hiyo.

Sijamaliza ukurasa, mama akaingia. Alikuwa amesikia sketi yake iko kwa bwana, akapewa lifti na trekta la shamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia macho yakiwa ukutani. Akasema nimwambie bwana anamshukuru kwa kumtunzia, sasa amekuja kuichukua, maana anataka kuzikwa nayo.

Nikatafsiri yote. Bwana akaacha kutabasamu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mnada ni mnada na sketi itasafiri naye kwao; nimwambie mama arudi nyumbani.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni.

"Anasema ukae," nikamwambia.

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, nami nikabaki katikati yao sina pa kutokea.