Gia ya Kulia, Gia ya Kushoto

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Mama Nyasi, naye akalipokea kama cheo. Alikata nyasi za uwanja wao miaka ishirini na miwili, na magoti yake yaliujua kila mteremko. Ndiyo maana aliipenda sana mashine yake inayojivuta. Unabana mkono wa chuma kwenye mshikio, waya unakaza mkanda, mkanda unazungusha ekseli ya nyuma, magurudumu yanakwenda. Kazi yako ni kuifuata, ukiimba.

Asubuhi hiyo iligoma. Injini ilinguruma, kisu kikazunguka, lakini magurudumu yalitulia tuli. Na jana tu aliyafungua, akaziosha zile gia mbili ndogo za ndani kwenye beseni moja, kama vijiko.

"Mama, mechi ni saa tisa," mwalimu mkuu alimwambia kwa upole. "Ikishindikana nitakodi watu. Wewe utakaa stoo, ugawe chaki, upumzishe magoti."

Stoo! Azikwe hai, na vumbi la chaki juu yake?

Akakagua waya, sawa. Mkanda, mzima. Ekseli ilizunguka kama pia ya mtoto. Ndipo mumewe akatokea na chupa ya chai. Huyu ni fundi cherehani, na tangu siku alipokosea mikono ya koti la mwalimu mkuu, akashona wa kulia begani kushoto, mkewe hajaacha kumtania.

"Umeiudhi nini?"

"Nyamaza, baba watoto. Nimeiogesha tu."

Alifungua magurudumu tena. Mume akaokota gia moja, akaizungusha kidoleni. "Mbona hii inashika huku, kule inateleza?"

"Ndivyo ilivyo, kama ya baiskeli. Ishike mashine ikivuta, iteleze nikiisukuma mwenyewe."

"Na hii nyingine inashika kinyume."

Mama Nyasi akaichukua, akaizungusha mwenyewe. Mume akamtazama, akaitazama gia, kisha akaketi chini kwenye umande na kucheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mke wangu! Umeshona mkono wa kulia begani kushoto!"

Wakazibadilisha pande. Alipobana mkono wa chuma, mashine iliruka mbele nusura imwache, naye akaifuata akiimba, fundi akiwakimbilia na chupa yake.

"Chaki je?" mwalimu mkuu aliuliza dirishani.

"Mpe huyu!"

Gia ya kulia sasa ina alama ya rangi nyekundu ya kucha. Na habari za koti hazikutajwa tena nyumbani kwao, kwa siku mbili nzima.