Lori la Vita Nililolikandia Tumbi

Kisarawe tulikuwa na mkaa na mihogo, lori hatukuwa nalo. Niliposikia Kibaha linauzwa moja, la aina ile ya pua fupi iliyoundwa kwa ajili ya jeshi na kupigwa mnada vita vilipokwisha, niliaga nyumbani nikijigamba kwamba nitalileta kwa bei ya tenga la kuku.

Asubuhi nilishukia Dar es Salaam, nikadandia gari la mkonge njia ya Morogoro. Adhuhuri nikawa Tumbi, kwa Mzee Kondo, muuzaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti kwanza, tupeane habari."

"Habari baadaye. Nionyeshe lori." Watu wakishajuliana hali, bei hupanda.

Lilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha. Nikahesabu matairi mara mbili, kisha nikaanza kukandia, maana mnunuzi asiyekandia hulipa bei ya mgeni.

"Bampa limepinda. Bodi limeungwaungwa. Mlango hauna kitasa, umefungwa kamba. Aliyeliendesha hili, mzee, alikuwa na kisasi nalo. Nitatoa nusu ya bei yenu."

Mzee Kondo akatazama chini. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia la dirisha.

"Bampa lilipinda likivuta basi kwenye matope ya Ruvu. Jeshi liliacha turubai tupu. Mbao alizipigilia mwenyewe, kila alipopata kipande. Kitasa alikivunja mja mzito, alikishika njia nzima mpaka hospitali. Endelea, baba. Matairi hujayasema."

"Shemeji yuko eda," Mzee Kondo akaninong'oneza. "Mdogo wangu tumemzika mwezi huu. Habari zenyewe ndizo hizo ulizozikataa."

Nikaliambia pazia pole. Nikasema nitalipa bei yao yote.

"Toa hiyo nusu uliyotaja," akajibu. "Wanangu wapate kula. Usiniongezee kwa aibu, nitaonekana nimeuza msiba."

Alasiri nikapiga hendeli, likawaka mara moja, bila kinyongo. Njia nzima niliushikilia ule mlango kwa mkono.

Magharibi, Kisarawe, jirani aliyetaka kulikodi alinipongeza kwa bei, kisha akalizunguka.

"Ila bampa limepinda. Mwenyewe hakujua kuendesha."

"Hapo lilivuta basi Ruvu."

Akasubiri nicheke, kisha akauliza nauli ya mkaa. Nikamvutia kigoda.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Tupeane habari."