Mfuko wa Kitambaa Chekundu

Mdogo wangu, kuna siku moja ya kule mtaa wa Ndosho ambayo naikumbuka sana, na kwa kuwa kesho unaanza kuchambua chupa pamoja nasi, naiandika hapa uisome. Kwa mdomo nitashindwa, unanijua.

Ni mwaka ule tuliokimbia Masisi tukalala chini ya turubai pale kambi ya Lac Vert. Mama Feza, jirani yetu wa turubai, alinichukua nimsaidie kuchambua plastiki ya kuuza. Kwao Masisi aliacha shamba la maharagwe. Hapa akajifunza plastiki kama mtu anavyojifunza kusoma. Chupa aliifinya karibu na sikio: ya maji inalia, ya mafuta inanyamaza. Hakukosea. Tena alimuuliza kila dereva aliyetoka Kigali au Kampala: huko wachambuzi wanavaa nini, wanalipwa kwa siku ama kwa kilo, mtu akiugua nani anamwangalia? Kwa kuulizauliza hivyo akaunganisha wamama sita, wakapata glavu, wakaweka sheria: kila mmoja afunge mfuko wake kwa kitambaa chake, na atakayechanganya chafu na safi akae nje ya kazi miezi miwili. Kusema kweli, hata shuleni sijaona profesa mwenye akili kama yake.

Lakini mimi nilikuwa na haya. Saa sita wanafunzi wenzangu walipita pale tulipochambua, kando ya barabara, sikutaka wanione. Siku hiyo nikajaza mfuko wa Mama Feza mbio mbio, bidoni, yale madumu ya asidi ya betri, pamoja na chupa safi, nikaufunga kwa kitambaa chake chekundu, nikajificha nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano.

Mnunuzi akamwaga mfuko. "Mufuko hii ni ya nani?"

"Kitambaa ni yangu," akasema Mama Feza.

"Hata weye, Mama? Weye mwenye sheria?"

"Leo sikio imeziba," mama mmoja akacheka.

Mama Feza akavua glavu, akaziweka juu ya mizani. "Sheria ni sheria." Ana watoto wanne, na wanakula kwa mikono ile.

Akatazama upande wangu. Hakuniita. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Nikatoka, na wanafunzi ndio kwanza wanapita.

"Ni mimi nilichanganya."

Akanipa glavu zake. "Basi chambua mufuko hii upya, mwanangu. Hapa hapa, kando ya barabara. Kazi haina haya. Uongo ndio iko na haya."

Wamama wakaamua yeye abaki, nitoke mimi. Miezi miwili ilikuwa mirefu, lakini nililala vizuri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya polepole. Mwenda pole hajikwai. Usiweke jina la mtu juu ya kazi ambayo wewe mwenyewe unaikimbia. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako, maana wako watu wema watakaolibeba kimya.

Mungu akupe mikono isiyochoka, akulinde na chupa zilizovunjika, na siku moja aturudishe Masisi wote tukiwa hai, Mama Feza akitangulia mbele.