Kipimajoto Kwenye Mdomo wa Mume

Juzi, nikiwa mwanafunzi wa mazoezi katika hospitali moja mkoani Shinyanga, nilimsikia afisa ustawi wa jamii akimuuliza mgonjwa, "Mama, unalala?"

"Analala kama gogo," alijibu mumewe, mkulima wa pamba. "Kichaa huyu, dada. Apelekwe Dodoma kwa vichaa wenzake."

"Chakula, mama, unakula?"

"Anakula!"

Ulimi uliniwasha nimjibu. Afisa hakubishana. "Baba, naona una joto," alisema, akamtia kipimajoto mdomoni. "Usiongee, kitavunjika."

Mama alimtazama mumewe aliyefura mashavu, akasema taratibu, "Sijalala tangu tumzike mtoto. Nikimtaja tu, wanasema nimeanza tena."

Daktari aliyekuwa mezani alikuwa tayari kusaini mama ahamishiwe Dodoma. Akaweka kalamu chini. "Kwani huyu baba anaumwa nini?"

"Haumwi, Daktari. Ni utafiti wangu." Afisa alifungua daftari. "Kila mke ana kurasa mbili. Hapa mume anaongea, hapa ana kipimajoto. Utadhani ni wagonjwa tofauti."

Daktari alizisoma zote, kisha akavuta stuli karibu na yule mama. "Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Chuoni tunafundishwa namna ya kuuliza maswali. Hatufundishwi nani anyamazishwe kwanza.