Picha Iliyokatwa Vibaya

Ninyi mliozoea kupiga picha mia kwa simu, sogeeni kidogo mnisikilize. Wakati wa vita, treni ilipokwama na filamu zikaadimika hapa Kindu, mpiga picha Youssouf alisimamisha watu wanne mbele ya ukuta, bega kwa bega, hata wasiojuana, akabonyeza mara moja tu. Kisha mkasi, kila mtu akaenda na kipande chake.

Leo studio ni ya binti yake, Mounira. Ordinateri yake, kompyuta ya kutengenezea picha, ilikufa mwezi uliopita, na akiba yake inatosha kununua moja tu, tena ya okazi. Akikosea kuchagua, studio inafungwa. Basi, pamoja na mteja wa studio, mama Philomène, akaenda kwa Bulaimu, anayeleta mashine zilizotumika kutoka Goma. Ndani ya flash disk Mounira alikuwa na picha ya kujaribia, ile mama huyo aliyoomba ikuzwe: ndugu yake aliyeuawa vitani, kipande kimoja cha mkasi wa Youssouf.

Bulaimu akamsogezea Mounira mashine nyembamba. "Hii njo ya kwako, mama. Inaangaza sawa bibi-arusi."

"Bibi-arusi atanisaidia nini? Iko na RAM ngapi?"

"Giga ine."

"Na ile ya pale chini?"

"Ile iko kumi na sita, lakini nzito, tena imekwaruzika. Mimi naizuilia mulango."

Kwenye ile nyembamba picha ilichelewa kufunguka. Mounira akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, na rangi zikabadilika kila aliposogea. Ekra, kioo cha mashine, ya namna hiyo itakufanya umpake bwana harusi rangi ya kijani. Ukingo wa picha ulikuwa mweusi tii.

Akafungua ile nzito. Rangi zikatulia. Akaongeza mwanga kwenye ule weusi, polepole, na jicho likatokea. Jicho, sikio, pindo la kitambaa cha kichwa. Mkasi wa Youssouf ulikuwa umepita pembeni, ukachukua nusu ya uso wa jirani.

Bulaimu alitazama ekra, akamtazama Mounira. "Mbona ni weye?"

"Mwaka ilipopigwa nilikuwa na miaka mitatu."

Mama Philomène akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Ni Safi," akasema. "Mama yako. Nilikuwa pale. Tulikosa mutu wa ine, Youssouf akamwita kutoka jikoni."

Vita vikiendelea, Safi alikwenda kutafuta mihogo njia ya Pangi, hakurudi. Youssouf aliapa hadi kufa kwake kwamba hakuwahi kumpiga mkewe picha, filamu ilikuwa ya wateja. Kumbe alisahau, au aliogopa kukumbuka. Mounira hakuwa na kumbukumbu ya uso ule. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Nitamtoa, mama," akasema. "Uliomba ndugu yako peke yake."

"Nani amekuambia umutoe? Walisimama pamoja. Wakuze wote."

Mounira akalipia ile nzito. Bulaimu akasema betri imechoka, aizime kwanza.

Mounira alikataa. Aliibeba ikiwa wazi kifuani, uso wa Safi bado unawaka kwenye ekra, akavuka barabara, na pikipiki zikamsubiri.